Beberu wa Ntheo na Somo la Mikataba

Somo la Mikataba tulifundishwa asubuhi, katika ukumbi wenye ngazi za mbao, na mhadhiri ambaye alikuwa akianza kufundisha kabla hajafika mbele. Alianzia mlangoni. Aliyechelewa alikuta jambo limekwisha kupendekezwa na kukubaliwa.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa sheria chuo kikuu, Nairobi, miaka ya sabini ikielekea mwisho. Wasichana wa darasa letu tulienea benchi moja na hatukubanana. Mhadhiri alituambia kwamba maneno ya watu hayawi mkataba mpaka mmoja apendekeze, mwingine akubali, kila upande utoe kitu, na wote wawili wawe na nia ya kufungwa na walichokisema. Aliyaandika hayo ubaoni kwa herufi kubwa, akasema mtu asiyeyajua asithubutu kununua hata kiatu. Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevinunua Kitui mjini bila kujua lolote kati ya hayo, na vilikuwa bado vizima.

Kesi zetu zilitoka Uingereza. Zilihusu meli za pamba, nyumba za kupanga na watu waliougua kabla ya kuimba jukwaani. Ile iliyonikaa kichwani ni ya mzee mmoja aliyetaka farasi wa mpwa wake. Alimwambia: nisiposikia neno kutoka kwako, nitahesabu farasi ni wangu. Mpwa akanyamaza. Mahakama ikaamua kwamba kunyamaza si kukubali, farasi hakuwa wa mzee. Nikaandika hivyo. Kati ya kesi zote tulizosoma niliiona hiyo kuwa nyepesi kuliko zote, na nikageuza ukurasa.

Mwezi wa nane tulifunga. Mtihani ulikuwa unatungoja tukirudi, kwa hiyo nilienda nyumbani Matinyani, Kitui, na kitabu cha Mikataba, kizito kama tofali. Baba yangu alikuwa mkulima na mzee wa kanisa. Mama alikuwa ameolewa kutoka mbali, Kalamba, upande wa Makueni, ambao siku hizo ulihesabiwa sehemu ya Machakos. Nilimkuta jikoni akichagua mawe kwenye pojo.

“Umekonda,” alisema.

“Nimekonda.”

“Wanawapa nini huko?”

“Wali.”

“Ndiyo maana.” Akatupa jiwe nje ya mlango. “Kuna mbuzi nyuma ya ghala. Ni wako.”

“Mimi sina mbuzi, Mama.”

“Si wako wa kufuga. Ni wako wa kuletewa.”

Kwa Wakamba, jamaa wanaomtaka binti wa watu huanza kwa kupeleka mbuzi wa ntheo, majike wawili na beberu. Mbuzi wanaweza kufika leo, lakini kufika kwao bado ni maneno. Siku ya kukubaliana wageni huitwa, baba humwita binti mbele yao na kumuuliza kama anawajua watu hawa na kama mbuzi wao achinjwe. Binti akisema achinjwe, beberu anachinjwa, pande mbili zinakula, na kuanzia hapo binti ni mke wa watu hata kama mahari yenyewe itachukua miaka. Beberu akiwa hai, binti ni wa kwao.

Beberu wangu alikuwa hai. Nilienda kumwangalia. Alikuwa wa rangi ya kahawia na baka jeupe ubavuni, mnene, anatafuna kama mtu aliyelipiwa chumba.

Walioleta mbuzi ni watu wa Mukuyuni, upande huo huo wa Makueni. Mzee wao alikuwa na duka la mabati na misumari, na kila msimu alikuja upande wetu na lori kununua pojo. Kwa kuwa naye alikuwa mzee wa kanisa, la kwao, akija alifikia kwetu. Alikuwa na mtoto wa kiume dukani. Nilikuwa nimeonana naye mara moja kwenye mkutano wa makanisa. Alininyanyulia kiti, nikasema asante. Nilipitia mazungumzo hayo kwa makini na sikuona mahali nilipoahidi kitu.

Mama alinieleza mpango wao. Walitaka jambo lifanyike kabla chuo hakijafunguliwa. Mzee wa Mukuyuni alikuwa amesema mwaka mmoja wa yunivasiti unamtosha mwanamke wa dukani, na kwamba mitatu ni kujionyesha. Kwa hiyo swali halikuwa gumu: beberu akiliwa, sirudi Nairobi. Mama mwenyewe hakuwa upande wao wala upande wangu. Alikuwa upande wa jambo kwisha.

Nilimfuata Baba shambani alikokuwa akitengeneza matuta.

“Baba, umewakubali wale mbuzi?”

“Sijasema neno.”

“Umewakataa?”

“Sijasema neno.”

“Sasa wako hapa wanafanya nini?”

“Wanakula.”

Baba hakuwa mtu wa hila. Kumkubalia mzee yule hakutaka, kwa sababu alikuwa ameuza ng'ombe ili mimi niende chuo na alitaka kuona mwisho wake. Kumkatalia hakuweza, kwa sababu walikuwa wakikutana kwenye vikao vya wazee wa makanisa yote ya Ukambani na mara nyingi waliombwa kusali mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo aliwafunga wale mbuzi kando na wetu, nyuma ya ghala, akawapa karai lao la maji na majani ya kukatiwa, ili asije mtu akasema amewachanganya na mali yake. Beberu, aliyependa kupigana, alipewa mti wake peke yake.

Nilimweleza habari ya mpwa na farasi. Alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe.

“Kwa hiyo kunyamaza si kukubali,” alisema.

“Si kukubali. Imeandikwa.”

“Vizuri. Basi nitaendelea.”

Ikawa hivyo. Asubuhi nilisoma Mikataba chini ya dirisha, jioni nilimkatia beberu majani. Nilitaka kujua nafasi yangu katika shauri hili na kitabu hakikunisaidia. Kila mara kilizungumza juu ya pande mbili na kitu kinachobadilishana mikono. Pande mbili nilikuwa nimeshaziona, moja Matinyani na nyingine Mukuyuni.

Jumapili moja tulienda kanisani wote, tukafunga nyumba. Tulipofika tulikuta lori la pojo limeegeshwa kando ya uzio. Mzee wa Mukuyuni alikuwa ameketi benchi la mbele na kofia magotini. Alisimamishwa kama mgeni, akatoa salamu za kanisa lao, akasema kwamba Mungu akipenda makanisa haya mawili yatakuwa na undugu wa karibu zaidi. Watu walisema amina. Baba alifungua kitabu cha nyimbo. Ibada ilipokwisha hakuwa na njia ila kumkaribisha mgeni nyumbani kwa chakula, na akamwalika mchungaji pia, nadhani ili asibaki naye peke yake.

Tulipokaribia nyumbani tulisikia harufu ya nyama.

Mjomba wangu, kaka yake Mama, alikuwa uani, mikono ya shati imekunjwa, anageuza ubavu juu ya makaa. Alikuwa ametoka Kalamba kunipongeza. Katika ukoo mzima wa mama yangu nilikuwa wa kwanza kufika yunivasiti, na yeye alikuwa hajaniona tangu niende. Alikuta mlango umefungwa. Mjomba haombi ruhusa kwenye boma la dada yake. Akitaka kumchinjia mtoto wa dada yake anachinja, na shemeji atasema asante. Hilo lilijulikana na kila mtu pale.

“Mpwa wangu!” alipaza sauti. “Wakili! Njoo ule maini kabla hayajapoa. Wazungu wamekumaliza, unaonekana kama fimbo.”

Nilikula maini. Mchungaji aliomba, akaketi, akapewa ubavu. Mzee wa Mukuyuni alipewa paja kwa sababu ni mgeni. Baba alipewa bega. Ilikuwa nyama nzuri, laini, yenye mafuta, na kila mtu alisema hivyo. Baba alikuwa akitafuna alipoinua macho akaona ngozi imetupwa juu ya ukuta wa ghala. Ilikuwa ya kahawia, na ubavuni ilikuwa na baka jeupe. Akaacha kutafuna kidogo, halafu akaendelea, maana nyama haitemwi mbele ya wageni.

Mimi niliiona ngozi baada yake. Maini yalikuwa yamekwisha.

Mzee wa Mukuyuni alikuwa ameiona kabla yetu sote, na alikuwa amefurahi kwa muda mrefu. Alipomaliza paja lake alinawa, akakausha mikono polepole, akamgeukia Baba.

“Ndugu yangu, wewe ni mtu wa maneno machache. Wengine wangeita watu, wangepiga kelele. Wewe umetuweka tu mezani. Nimekula, umekula, binti amekula, na mchungaji ni shahidi. Sasa sisi ni watu wamoja.”

Mchungaji akauliza kwa upole ni shahidi wa nini.

Mama akaingia jikoni. Mjomba akawatazama watu wote kwa zamu, kisu mkononi. “Kwani huyo mbuzi alikuwa na nini?”

Siku mbili baadaye tulikaa sebuleni kulizungumza. Mzee wa Mukuyuni hakuwa ameondoka. Lori lake lilikuwa likipakia pojo bila haraka. Mchungaji alikuwa mwenyekiti, ingawa naye alikula. Nilitakiwa kukaa jikoni na Mama, lakini Mjomba alisema kwamba haiwezekani nyumba yenye wakili itetewe na yeye aliyechinja. Nikapewa kigoda karibu na mlango.

Mjomba alianza kujitetea kabla hajaulizwa.

“Mimi nafika, nakuta mbuzi wa shemeji wako zizini, wamekonda na kiangazi. Mmoja yuko kando, amefungwa mti wake, ana maji yake, anakatiwa majani. Nyinyi niambieni. Nchi hii yetu, beberu akifungwa kando analishwa, anangoja nini? Anangoja sherehe! Nikasema, shemeji ameandaa, lakini ni mtu wa haya, hataki kuchinja mwenyewe. Nikamsaidia.”

Hakuna aliyeweza kumpinga. Beberu wa kunoneshwa hufungwa hivyo hivyo, kila boma. Baba alikuwa amemtenga mbuzi ili aonekane si wake, na kwa kumtenga akamfanya aonekane chakula.

“Aliyechinja ni nani, mimi sijali,” alisema mzee wa Mukuyuni. “Mbuzi hakuliwa na fisi. Aliliwa na wenyewe. Huyu binti nilimwona kwa macho yangu anakula maini.”

Mchungaji akaniangalia. Nikasimama, jambo ambalo halikuhitajika, na nikasema kwamba Baba hakukubali. Kwamba Mjomba hakutumwa na mtu kukubali kwa niaba yake. Kwamba waliokula hawakujua wanakula nini, na mtu hakubali jambo asilolijua. Kisha nikaleta ile kesi ya Uingereza, na mzee na mpwa na farasi, na kunyamaza si kukubali. Nilieleza vizuri. Mjomba alitikisa kichwa kwa fahari muda wote.

Mzee wa Mukuyuni alinisikiliza kwa heshima.

“Huyo farasi,” alisema, “aliliwa?”

“Hapana.”

“Basi hiyo kesi si hii.”

Darasani tulifundishwa kwamba hivyo ndivyo wakili anavyoikwepa kesi iliyo kinyume naye: aonyeshe tofauti moja na aketi. Yeye alikuwa ameketi tayari. Nami nikaketi.

Kuku aliingia, akafukuzwa. Kisha mchungaji, ambaye nadhani alikuwa akiufikiria ubavu wake, aliuliza, “Lakini binti aliulizwa? Mimi nilikuwepo. Sikusikia akiulizwa.”

“Hakuulizwa,” alisema Mama kutoka jikoni. Nyumba yetu haikuwa na dari.

“Nani angemuuliza?” alisema Mjomba. “Mlikuwa kanisani.”

Mzee wa Mukuyuni akaweka kofia yake mezani. “Si neno. Kama ni kuulizwa tu kumepungua, na aulizwe sasa. Baba yake yupo, mimi nipo. Na ajibu, tumalize.”

Wote wakamgeukia Baba. Kwa wiki kadhaa alikuwa amelilinda jambo hili kwa kutolitamka, na sasa alitakiwa alitamke yeye mwenyewe, mbele ya mtu ambaye angekutana naye kila kikao mpaka mmoja wao azikwe. Alijikohoza. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

“Binti yangu. Unawajua watu hawa?”

“Nawajua.”

“Mbuzi wao achinjwe?”

“Amekwisha chinjwa,” alisema Mjomba.

“Nyamaza,” alisema mchungaji.

Nilijua ninachotaka kusema tangu siku ile jikoni. Sikuwa nimejua kwamba nikikisema nitakuwa ninatazama mikono ya baba yangu.

“Asichinjwe,” nikasema.

Nilisema hivyo juu ya mbuzi ambaye ngozi yake, kupitia dirishani, ilionekana imewambwa juani kwa vijiti. Hakuna aliyecheka. Mchungaji akasema tumesikia. Mzee wa Mukuyuni akachukua kofia yake, akaigeuza akaangalia ndani, kama mtu anayesoma saizi.

“Basi nataka wangu,” alisema. “Majike wawili na beberu. Kama walivyokuja.”

“Tuwapakie kwenye lori lako?” Baba aliuliza.

“Mimi sibebi mwenyewe kukataliwa kwangu. Niliwaleta kwenu. Mtaniletea kwangu.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bado halijaisha. Ntheo isiyorudishwa haijakataliwa, na iliyorudishwa haijarudi mpaka ipokelewe. Chuo kilikuwa karibu kufunguliwa.

Tulisafiri Mjomba na mimi, kwa lori la mtu mwingine lililokuwa likipeleka magunia Makueni, na majike wawili kati yetu. Mama alitaka niende mwenyewe, asije mtu akasema nilisemewa. Tulilala Kalamba, Mjomba akamtoa beberu wake, mweusi, mwenye sauti. Mkewe alisimama mlangoni akimwangalia anavyomfunga kamba.

“Siku nyingine ukienda kupongeza mtu,” alimwambia, “beba sukari.”

Mukuyuni tulifika siku ya soko. Duka lilikuwa limejaa watu wanaopima misumari. Kijana wao alitoka na koti la kahawia, penseli sikioni. Hii ilikuwa mara ya pili tunaonana.

“Umekataa?” aliuliza.

“Nimekataa.”

Akamzunguka beberu, akambonyeza mgongo. “Huyu ni mdogo kuliko wetu.”

“Mdogo?” Mjomba alifoka. “Wenu alikuwa amevimba majani ya wenyewe! Huyu ni nyama tupu. Mshike. Mshike hapa!”

“Baka hana.”

“Baka mlikuwa mnakula?”

Mzee alitoka kwa kelele hizo. Alisimama mbele ya lango la boma lake, nyuma ya duka, akawatazama mbuzi, akatutazama sisi. Mjomba alimweleza yote tangu mwanzo, na heshima zote, na msamaha, na kwamba hawa hapa wamerudi. Mzee hakujibu. Hakusema ingieni, hakusema ondokeni. Alisimama, mikono nyuma, na lango limefungwa.

Niliitambua njia yake. Kwa wiki kadhaa Baba alikuwa amekaa na mbuzi wake bila kusema neno, na sasa yeye aliweza kukaa bila kusema neno, sisi na mbuzi tukiwa barabarani. Asipowapokea, ntheo yake ingali kwetu, na mimi ni msichana aliyeletewa mbuzi. Hakukuwa na sheria yoyote ninayoijua ya kumlazimisha mtu afungue lango. Watu wa soko walianza kusimama kuangalia. Jua lilikuwa kali, na Mjomba akawa amemaliza maneno, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Aliyetoka ni mke wa mzee, mama mfupi mwenye leso kichwani, unga mpaka kwenye viwiko. Alituangalia kwa zamu kama mtu anayehesabu sahani.

“Hawa si ndio wale wetu?” alisema akiwatazama majike. “Mbona wamesimamishwa juani?”

“Wanazungumzwa,” alisema mumewe. Lilikuwa neno lake la kwanza.

“Wazungumzwe wakiwa ndani. Huyu wa kushoto ana mimba, hamwoni? Mnataka azalie sokoni?” Akafungua lango kwa goti. “Wewe binti, mshike pembe huyo mweusi asinipige. Haya, mwingize.”

Nilimshika pembe beberu wa Mjomba, nikamwingiza. Majike waliingia wenyewe, walipajua. Mama yule akafunga lango, akarudi kwenye unga wake bila kuuliza mimi ni nani. Nadhani alijua.

Mzee alibaki akiliangalia lango kwa muda. Kisha akamuuliza Mjomba pojo ya Kalamba mwaka huu imekuwaje. Mjomba akasema imeliwa na wadudu. Wakazungumza wadudu. Nilisimama kando na kamba tupu mkononi, nikasubiri kama kuna kingine, na hakukuwa na kingine.

Vikao vya kanisa vilivyofuata, mzee wa Mukuyuni alihamia safu ya nyuma, akisema mbele kuna baridi. Alipoombwa kusali alisali, ila alingoja Baba amalize kuketi ndipo asimame. Mama aliniambia haya baadaye, kwa kuwa mimi sikuwepo. Aliniambia pia kwamba mtu mmoja alimuuliza Baba, baada ya ibada, kama ni kweli binti yake ameolewa Makueni.

“Amerudi shule,” Baba alimjibu, na akamuuliza kama mvua imefika upande wao.